Kufunga betri ya lithiamu kwenye nyumba yenye gridi na sola

Anza na hesabu ya usiku, paneli baadaye. Taa 8 za wati 9 kwa saa 5 ni wati-saa 360. Feni 2 za wati 60 kwa saa 8 ni 960, runinga ya wati 80 kwa saa 4 ni 320, friji ndogo weka 500. Jumla 2,140. Gawa kwa 0.9, maana inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumbani) nayo inakula, kisha kwa 0.8 ili betri isikaushwe: karibu 2,970. Betri ya volti 51.2 na Ah (ampea-saa) 100, yaani wati-saa 5,120 au yuniti 5.12, inatosha na akiba inabaki.

Lakini soma lebo yake. Inveta ya wati 5,000 ikibebeshwa mzigo wote huvuta karibu ampea 110. Betri iliyoandikwa mwisho ampea 100 inaweza kujizima birika na pasi vikiwashwa pamoja. Hapo ongeza betri ya pili sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi. Chaji kila moja peke yake hadi ijae, pima, na usiziunge kama zimepishana zaidi ya volti 0.1. Chanya ya inveta itoke betri ya kwanza, hasi itoke ya mwisho, ili zifanye kazi sawasawa.

Kebo iwe ya milimita za mraba 35, na fyuzi ya DC (umeme wa betri) ya ampea 150 ikae karibu kabisa na chanya ya betri. Breka ya AC (umeme wa nyumbani) usiitumie hapa, haiwezi kuzima cheche ya DC.

Kosa tunalolikuta mara nyingi ni inveta kuachwa kwenye mpangilio wa betri za maji (za risasi na asidi). Chaji ya kusawazisha iliyo kwenye mpangilio huo hupandisha volti, ulinzi wa betri unakata, nyumba inazimika ghafla, na betri isiyo na kasoro inarudishwa dukani. Kama betri haina kebo ya mawasiliano na inveta, weka chaji volti 56, kushikilia 54, kukata 48, na kusawazisha zima kabisa.

Baada ya saa moja ya mzigo mkubwa, zima kila kitu, kisha gusa vichwa vya kebo. Kilicho cha moto huenda kina nati iliyolegea.

Mwisho, inveta ikiwa inafanya kazi, zima swichi kuu na pima waya za gridi pale zinapoingia kwenye inveta. Kipimo kikisoma karibu volti 230, inveta inarudisha umeme kwenye laini, na gridi ikikatika fundi aliye juu ya nguzo ataamini hakuna umeme. Usiiwashe tena hadi irekebishwe.