Farasi mweusi chini ya Nyiragongo: mwanga utoke wapi?

Kabla ya kushika brashi, amua farasi wako anabeba jambo gani: hasira, uhuru au maombolezo. Moja tu. Ukimpa mabawa, pembe, mwezi na moto kwa mara moja, jicho la mtazamaji halitajua litue wapi.

Tumchukue farasi mweusi usiku wa Goma. Lava ikiwaka ndani ya Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji huo, mawingu hung'aa mekundu upande wa chini. Wengi huyachora vizuri, kisha wanammulika farasi kutoka juu kana kwamba ni saa sita mchana, na picha nzima inapoa. Akiwa amesimama juu ya nyufa za lava, wekundu uwe tumboni, chini ya taya na ndani ya miguu. Mgongo upate bluu ya kijivu, basi. Mwanga wa chini unapindua vivuli tulivyovizoea; hofu inatoka hapo, wala huhitaji kumchorea meno.

Turubai ya sentimita 60 kwa 80 inatosha. Kipimo ni kichwa: kifua hadi matako, takriban vichwa viwili na nusu.

Nyeusi ya kopo hufa ikikauka. Changanya bluu ya ultramarini sehemu 2 na kahawia iliyokolea sehemu 1. Kwenye nyufa, njano hafifu ikae katikati na nyekundu pembeni, kwa sababu palipo moto zaidi ndipo peupe zaidi. Acha kila tabaka likauke kabisa, la sivyo nyekundu itakunywa bluu igeuke tope. Akriliki, yaani rangi inayochanganywa na maji, hukolea kidogo ikikauka, kwa hiyo changanya yenye mwanga zaidi. Maji yakizidi sana, rangi haishiki, inapukutika.

Masikio yaliyolala nyuma ni hasira. Yaliyosimama mbele ni usikivu. Kamba iliyokatika shingoni inatosha kusema uhuru.

Mawe meusi yana maana mbili hapa: lava ya Januari 2002 iliunguza mitaa, na mawe ya lava ndiyo tunayojengea kuta. Kwa farasi wa maombolezo, weka ukuta ulioanguka nusu badala ya miali ya moto.

Mwisho, jicho. Nukta ya mwanga ikae chini ya mboni, si juu.