Kobe nyota na mfupa wa ngisi

Kama unafuga kobe nyota, yule wa India na Sri Lanka mwenye michoro ya nyota gambani, ukishuka ufukweni Raskazone, hapa Tanga, okota ule mfupa mweupe wa ngisi. Uloweke siku mbili chumvi itoke, kisha muwekee augugune mwenyewe. Ni karibu chokaa tupu, na gamba linaitaka. Chakula chake hasa ni nyasi na majani, si ukoko wa wali (wangu aliuzoea, kumwachisha ikawa kazi). Watoto wasimbebebebe: ni mwoga, akinyanyuliwa huweza kukojoa akapoteza maji aliyojiwekea. Masika ikianza mtafutie pakavu penye joto. Unyevu wa Tanga humletea mafua, utamwona anatoa mapovu puani.