Bruxelles wakati wa Noeli: namna ya kuipanga ziara ukitoka Lubumbashi

Anayetoka Lubumbashi mwezi wa kumi na mbili huogopa baridi, kumbe kinachomharibia ziara ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua la Bruxelles huchomoza karibu saa 8:45 na kuzama karibu 16:40 (saa zote hapa zimeandikwa kama zinavyoonekana kwenye simu na kwenye tiketi). Hiyo ni chini kidogo ya saa nane za mwanga, na mara nyingi mawingu yanaula hata huo. Kwetu siku za mwezi huo mwanga hupita saa kumi na mbili na nusu. Mgeni akiamka taratibu, akanywa chai na ndugu mpaka 12:00 mchana, anafika mjini akiwa amebakiza saa tatu za kuona kitu.

Kwa hiyo panga kila siku hivi: kuanzia 9:30 mpaka 16:00 ni muda wa vitu vya nje, yaani viwanja, majengo na mahali pa kutazamia mji kutoka juu. Makumbusho mengi hufunguliwa saa 10:00 na kufungwa 17:00 au 18:00, basi yaweke saa za mwisho wa mchana, au yakimbilie mvua ikinyesha. Taa za Noeli ni za baada ya 17:00. Usimalize asubuhi nzuri yenye jua ndani ya jumba, kwa maana huenda usiipate nyingine wiki nzima. Kumbuka pia kwamba Bruxelles iko nyuma ya Lubumbashi kwa saa moja wakati huo.

Makaratasi kwanza, kwa ufupi. Ombi la viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ubelgiji ikiwamo) hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisipelekwe zikiwa zimebaki chini ya siku 15. Uchunguzi kwa kawaida huchukua siku 15 lakini unaweza kufika 45. Anayetaka kula Noeli Bruxelles apeleke faili lake mwezi wa tisa au wa kumi. Ada ni Euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe na kiwango kisichopungua Euro 30,000. Ubelgiji huangalia kama una uwezo wa kujitunza: Euro 95 kwa siku kwa anayelala hotelini, Euro 45 kwa anayefikia nyumbani kwa mtu. Karata ya chanjo ya homa ya manjano usiiache, utadaiwa ukirudi.

Pesa: dola, ambazo kwetu zinalipia kila kitu, kule madukani hazipokelewi. Badilisha, na uombe noti ndogo za Euro, kwani za 200 na 500 maduka mengi huzikataa. Kadi ya benki ya kugusisha ndiyo itakayokusaidia zaidi. Kabla ya kuondoka ulizia benki yako kama inafanya kazi nje ya nchi, kisha ijaribu.

Mavazi

Baridi ya Bruxelles mwezi huo huchezea kati ya digrii 1 na 6. Theluji ni ya bahati. Kinachotesa ni unyevunyevu na upepo, na ndiyo sababu koti nzito la pamba lililonunuliwa soko la Kenya, hapo Lubumbashi, halitoshi: likilowa halikauki mpaka kesho. Vaa tabaka tatu. Ya ndani iwe fulana ya kubana, ya sufu au ya kitambaa kisichoshika jasho. Ya kati sweta. Ya juu koti lisilopitisha maji, lenye kofia. Faida ya tabaka utaiona ukiingia ndani: majumba yote yana joto, na mwenye koti moja nene juu ya shati huloa jasho, kisha akitoka jasho lile linamgandia mgongoni.

Mwavuli hupinduliwa na upepo, kofia ya koti ni bora. Jinzi hunyonya maji. Ikiwa ndiyo uliyo nayo, vaa kitu chepesi ndani yake. Viatu viwe na soli ya mpira yenye meno, kwani mawe ya barabara za katikati ya mji huteleza yakilowa, na viwe vikubwa kwa namba moja ili soksi nene iingie. Watu huvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana, damu ikakosa njia, vidole vikaganda kuliko kama wangevaa moja. Mafuta mazito ya ngozi na ya midomo uyatoe nyumbani, maana hewa ya vyumba vyenye joto hukausha ngozi haraka. Simu uiweke mfuko wa ndani, karibu na mwili: betri hushuka upesi kwenye baridi.

Usijaribu kununua kila kitu Lubumbashi. Bruxelles ina maduka ya mitumba ya vyama vya msaada, kama Les Petits Riens mtaa wa Ixelles, ambako makoti mazuri ni mengi. Madukani punguzo la bei la majira ya baridi huanza tarehe 3 Januari, basi la gharama kubwa lisubiri siku hiyo kama ratiba inakuruhusu.

Kuingia mjini na kutembea ndani yake

Ndege ikitua Zaventem, shuka mpaka kituo cha treni kilicho chini ya uwanja. Treni hufika Bruxelles-Central kwa takriban dakika 20. Nauli inashangaza kwa njia fupi hivyo, kwa sababu ina nyongeza ya uwanja wa ndege. Kuna pia Charleroi, uwanja unaotangazwa kwa jina la Bruxelles ingawa uko mbali kusini. Ndugu anayekuja kukupokea aandikiwe jina kamili la uwanja.

Metro, tramu na basi za mji ni za kampuni moja, STIB. Gusisha kadi kwenye mashine, nauli ni zaidi kidogo ya Euro 2, na ndani ya saa moja unaweza kubadilisha chombo bila kulipa tena, ila ugusishe kila mara unapopanda. Kila mtu na kadi yake. Ukigusisha kwa kadi asubuhi na kwa simu mchana, mashine inakuona watu wawili, na kikomo cha malipo ya siku (kiasi ambacho ukikifikia huongezewi nauli) hakikufikii. Treni ya uwanja wa ndege ni ya kampuni nyingine, haihusiki na mpango huu.

Majina yana lugha mbili. Bruxelles-Midi ni Brussel-Zuid, na ukitoka nje ya mji kuelekea kaskazini maandishi ya Kifaransa yanapotea kabisa: Anvers inakuwa Antwerpen, Louvain inakuwa Leuven. Huko ndiko wenye Kifaransa chao kizuri wanapopitishwa kituo.

Siku ya katikati ya mji

Anzia Bruxelles-Central kabla ya 10:00 asubuhi. Panda kwanza Mont des Arts, uone mnara wa Hôtel de Ville (jumba la manispaa) ukiwa juu ya mapaa, halafu ushuke Grand-Place, uwanja mkuu wa mji, mwendo wa dakika tano. Mnara huo una mita 96. Nyumba za vyama vya mafundi zinazouzunguka uwanja zinaonekana za kale sana, lakini nyingi zilijengwa upya baada ya jeshi la Ufaransa kuupiga mji mizinga mwaka 1695. Uwanja uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1998. Simama katikati, ugeuke polepole. Dhahabu ya kuta hung'aa asubuhi jua likiwapo.

Manneken Pis, sanamu ya mtoto anayekojoa, iko karibu, na karibu kila mtu hushangaa udogo wake: sentimita 55 na nusu. Iliyo barabarani ni nakala. Ya asili, ya mwaka 1619, inatunzwa Maison du Roi, hapo hapo Grand-Place. Dakika tano zinaitosha.

Mvua ikianza, ingia Galeries Saint-Hubert, njia ya maduka yenye paa la kioo iliyofunguliwa mwaka 1847. Humo ndimo duka la Neuhaus lilikobuni praline (chokoleti iliyojazwa ndani) mwaka 1912. Kula usikae mtaa wa Rue des Bouchers, ambako wahudumu huvuta wapita njia kwa mkono. Bei ya menyu ya nje na ya hesabu ya mwisho hazifanani kila mara. Chipsi za kibandani hushibisha kwa pesa kidogo. Maji ya bomba ni salama, jaza chupa yako. Choo hulipiwa, weka sarafu mfukoni. Nyingine zitahitajika kwenye makabati ya makumbusho, kwani mikoba mikubwa hairuhusiwi vyumbani.

Jioni rudi Grand-Place uone mti wa Noeli na onyesho la mwanga na muziki, kisha ufuate soko la Noeli kupitia Bourse mpaka Sainte-Catherine. Soko hili huanza mwisho wa Novemba na kumalizika mwanzoni mwa Januari. Jumamosi usiku hakuna pa kuweka mguu. Nenda Jumanne au Jumatano. Wezi wa mifukoni wanapenda majira ya baridi kwa sababu moja rahisi: ndani ya koti nene husikii mkono. Pasipoti iweke mfuko wa ndani unaofungwa, na nakala yake uiache nyumbani.

Tervuren, na siku yake nzima

Kama una nafasi ya safari moja tu nje ya katikati, iwe hii. Panda metro namba 1 mpaka Montgomery, kisha tramu 44 mpaka mwisho wake. Njia yenyewe ni ziara, tramu inapita msituni. Jumba la makumbusho ya Afrika lilifunguliwa mwaka 1910, likafungwa kwa matengenezo, likafunguliwa tena Desemba 2018. Jumatatu limefungwa.

Tenga saa tatu. Mwana wa Katanga atatafuta chumba cha utajiri wa asili, penye mazungumzo ya madini na ya nani aliyefaidika. Kuna mtumbwi wa mita 22 na nusu uliochongwa kwa gogo moja. Katika ukuta wa kumbukumbu yameandikwa majina ya Wabelgiji 1,508 waliokufa Kongo; juu ya vioo vinavyoutazama, msanii wetu Freddy Tsimba ameandika majina ya Wakongo waliokufa Ubelgiji, na jua likipiga, kivuli cha majina haya kinaangukia yale. Bila jua kazi hii haionekani, basi chagua siku ya anga safi.

Ukitoka, tembea mpaka kanisa la Tervuren. Kando yake kuna makaburi ya Wakongo saba kati ya 267 walioletwa kwa maonyesho ya mwaka 1897. Wengi wanaondoka Tervuren bila kujua kwamba yako mwendo mfupi kwa miguu kutoka jumbani.

Matonge

Kwa Matonge, mtaa wa Wakongo wa Bruxelles, shuka metro Porte de Namur. Uwanja mdogo wa Patrice Lumumba, uliozinduliwa tarehe 30 Juni 2018, uko hapo hapo. Kutoka kwenye uwanja huo ingia Chaussée de Wavre na Galerie d'Ixelles: vinyozi, vitambaa, samaki wakavu, pondu (majani ya muhogo). Jina lenyewe la mtaa ni la Kinshasa, na Lingala ndiyo utakayoisikia zaidi. Kiswahili kipo, ukisalimia. Atakayetamani bukari (ugali) ataipata, ingawa wapishi wengi ni wa Kinshasa na sombe, yaani hiyo pondu, itakuja kwa namna yao. Nenda mchana wa Jumamosi, si Jumapili asubuhi.

Atomium, na siku ngumu

Mnara wa Atomium, wa mwaka 1958, una matufe 9 na kimo cha mita 102, ambacho hakifikii bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini, kule Lubumbashi. Nunua tiketi ya saa maalumu kwenye intaneti siku hiyo hiyo asubuhi, baada ya kuchungulia dirishani. Ukungu ukiwapo, kutoka juu utaona weupe mtupu na pesa hairudi. Metro namba 6, kituo cha Heysel. Panda kama saa 15:00, ushuke giza linapoingia, uone matufe yakiwaka.

Jumatatu makumbusho mengi hufungwa. Siku hiyo nenda mtaa wa Ulaya, penye ofisi za Umoja wa Ulaya: Parlamentarium (kituo cha wageni cha Bunge la Ulaya) na Nyumba ya Historia ya Ulaya hufunguliwa Jumatatu kuanzia 13:00, bila malipo. Tarehe 25 Desemba na 1 Januari karibu kila jumba limefungwa, metro ni chache, maduka hayapo. Atomium hubaki wazi kwa saa pungufu. Tarehe 24 na 31 vitu hufungwa mapema, kwa hiyo nunua chakula tarehe 23. Kadi ya utalii ya mji, Brussels Card, huhesabu saa 24, 48 au 72 tangu matumizi ya kwanza. Usiiwashe Jumapili mchana, Jumatatu itaila.

Kwa siku ya ziada, Gand ni nusu saa hivi kwa treni na Bruges karibu saa moja. Kwa mwanga wa Desemba chagua moja. Gand ina uhai zaidi baridi ikikaza.

Chokoleti za kupeleka nyumbani zinunuliwe siku ya mwisho. Zenye krimu mbichi hazidumu siku nyingi, na Lubumbashi utakuta joto la masika. Omba zisizo na krimu, au za kipande kigumu, na uzibebe kwenye mkoba wa mkononi, zikiwa zimefungwa ndani ya sweta ile ambayo hutaihitaji tena mpaka mwezi wa sita.