Somo: Kupiga picha majengo na mandhari ya kale kabla hayajatoweka

Piga picha kwa ajili ya mtu ambaye hatawahi kulikuta jengo hilo likiwa limesimama.

Hatua ya 1. Omba ruhusa kwa mwenye jengo, kisha lizunguke lote kabla ya kutoa kamera.

Hatua ya 2. Anzia mbali. Wengi hukimbilia mlango wenye nakshi wakausahau mtaa unaouzunguka. Charles Marville, aliyepewa kazi na jiji la Paris miaka ya 1860 kupiga picha mitaa iliyokuwa ikingoja kubomolewa, alionyesha hadi mawe ya njia na mfereji wa maji uliopita katikati yake. Mitaa hiyo mingi sasa tunaijua kupitia picha zake tu.

Hatua ya 3. Piga kila upande uso kwa uso. Kamera isielekezwe juu, maana kuta zitaonekana zinaegemeana. Afadhali urudi nyuma, au upande ghorofa ya mkabala.

Hatua ya 4. Sasa sogea karibu. Subiri jua lipite ubavuni mwa ukuta: hapo kila alama ya patasi na kila ufa hujitokeza. Likiugonga ukuta kwa mbele, vyote hufifia. Tafuta mahali plasta ilipobanduka, uone matofali yalivyopangwa. Weka rula kando ili ukubwa ujulikane.

Hatua ya 5. Siku hiyohiyo andika tarehe, mahali, na upande uliokuwa ukiutazama. Picha isiyo na maelezo haya, hata ikipendeza vipi, haimsaidii mtafiti. Weka nakala tatu, moja iwe nje ya nyumba yako.

Maswali ya wanachama

Simu inatosha?
Inatosha. Usivute kwa zuum, usitumie vichujio.

Nifute nyaya za umeme?
Hapana, tafadhali. Ni sehemu ya historia ya mahali hapo.

Nina picha ya zamani. Nitapataje pale aliposimama mpigaji?
Chagua vitu viwili vilivyobaki, kimoja karibu, kingine mbali. Mathalani kona ya ukuta na kilele cha mlima. Sogea kushoto au kulia mpaka vipishane kama kwenye picha. Mstari unaopita kwenye vitu hivyo viwili hadi ulipo ndio wa kwanza. Rudia kwa jozi nyingine upate wa pili, na mistari hiyo miwili itakutana pale aliposimama.

Linabomolewa kesho, nina saa moja tu!
Pande zote za nje kwanza. Kisha ndani, chumba kwa chumba, ukisimama mlangoni. Malizia na ngazi na kenchi za paa, ila usipite chini ya dari iliyolegea.