Somo: Kukata mwenyewe ngozi ya pampu ya karabai

Mwezi uliopita jirani yangu hapa Kigoma alikuwa anaipeleka karabai (ile taa ya mafuta inayopigwa pampu) ya marehemu baba yake kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tangi zima, kioo kizima, geji nzima. Ugonjwa wake ni mmoja: haishiki upepo. Nikamwomba aniachie siku tatu. Kilichokufa ni kipande cha ngozi kisichozidi upana wa kizibo cha soda. Iliniuma kuona taa iliyoangaza misiba na harusi za mtaa mzima inakwenda kupimwa kwa kilo kwa ajili ya hicho, ndiyo maana naandika.

Kwanza pima ugonjwa. Vuta mpini wa pampu, usukume. Ukishuka laini, husikii upepo ukikataa, ngozi imekauka au imepasuka. Lakini ukiusukuma halafu unapanda wenyewe, au ukakuta mafuta ya taa ndani ya pampu, ngozi haina kosa. Hapo ni ile vali ndogo iliyo mwisho wa pampu, na somo hili halitakusaidia.

Hatua ya 1. Taa iwe imezimwa na imepoa kabisa. Toka nje, mbali na jiko. Legeza skrubu ya kutolea upepo mpaka mlio wa "sss" uishe. Usiruke hatua hii hata kama unaamini tangi ni tupu.

Hatua ya 2. Fungua kifuniko cha pampu, vuta mpini utoke wote. Mwishoni utaona ngozi imebanwa kwa nati. Ifungue, na vibati vyake uviweke kwa mpangilio uleule ulivyovikuta.

Hatua ya 3. Tafuta ngozi halisi yenye unene wa milimita 1.5 hadi 2. Ulimi wa buti kuukuu unafaa sana, mkanda wa suruali pia. Choma kipande kidogo: kikinuka kama nywele zinazoungua, ni ngozi; kikiyeyuka, ni plastiki, kitupe. Kama imepakwa rangi ngumu juu, ikwangue.

Hatua ya 4. Pima upana wa ndani wa silinda ya pampu, ongeza milimita 10, ndio upana wa duara utakalokata. Silinda ya milimita 20 inataka duara la 30.

Hatua ya 5. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa hiyo twende taratibu. Duara hilo bado ni bapa, na bapa halishiki upepo. Linatakiwa liwe kikombe. Liloweke kwenye maji ya vuguvugu nusu saa. Maji yanayochemka yataikunja ngozi na kuifanya ngumu kama ukucha. Toboa ubao kwa tundu lenye upana sawa na silinda, weka ngozi juu ya tundu, kisha isukume ndani kwa kijiti cha mviringo ambacho ni chembamba kuliko tundu kwa unene wa ngozi mara mbili. Kwa mfano wetu, ngozi ya milimita 2 inataka kijiti cha 16. Acha kila kitu hapohapo kivulini, siku nzima. Ukiitoa mapema itafunguka.

Hatua ya 6. Sawazisha ukingo kwa wembe, toboa tundu la katikati, kisha ilaze usiku kucha kwenye mafuta ya cherehani.

Hatua ya 7. Ifunge, mdomo wa kikombe ukitazama chini, upande wa tangi. Ukisukuma, upepo unaitanua midomo ibane ukuta wa silinda. Ukivuta, midomo inalegea na upepo mpya unapita pembeni. Ukiifunga kinyume utapampu mpaka jioni. Iingize huku ukiizungusha, ukingo usijikunje.

Jaribu kabla ya kuwasha: kaza ile skrubu ya upepo, pampu mpaka geji ipande, paka maji ya sabuni kwenye maungio, ngoja dakika kumi. Povu likitokea au mshale ukishuka, usiwashe.

Maswali ya wanachama

Shikamoo mzee. Mimi nina tyubu ya baiskeli tu. Haiwezi kufanya kazi?
Marahaba mwanangu. Usiitumie. Mafuta ya taa huvimbisha na kulainisha raba ya aina hiyo. Itakwama ndani ya silinda. Ila pampu kuukuu ya baiskeli ikaguliwe: nyingi zina kikombe cha ngozi kama hiki, na vipimo vikilingana umepona kazi yote.

Kaka, jiko la pampu la mama yangu nalo halishiki. Ni njia ileile?
Ileile, dada yangu. Majiko ya Primus yalianza Sweden mwaka 1892, na pampu yake inafanya kazi kwa ngozi ya namna hii. Pima silinda yake upya, usikate kwa kipimo cha taa.

Nimeifunga jana, leo inateleza tena bila upepo.
Imenyonya mafuta yote ikakauka. Ngozi mpya huwa na kiu. Tia matone matano ya mafuta ya cherehani kwenye silinda, pampu polepole, rudia kwa siku mbili tatu.

Mafuta ya taa yamepanda bei. Naweza kuchanganya petroli kidogo?
Hapana, ndugu yangu, hata kijiko. Petroli hutoa mvuke unaoshika moto hata kwenye baridi kali, na wewe umeikalia na upepo uliobanwa. Kama mafuta ya taa hayapatikani, iache karabai ikae kavu mpaka yapatikane.