Ozempic: usichomoe sindano mapema

Kwa wanaochoma Ozempic (dawa ya kisukari aina ya 2) kila wiki: bonyeza kitufe cha kalamu ya kuchomea dawa, kishikilie mpaka kaunta ya dozi isome 0, kisha hesabu polepole hadi 6 sindano ikiwa bado ndani ya ngozi. Ukichomoa mapema, dawa itachuruzika kwenye ncha na dozi itapungua. Tone dogo tu halina neno. Ukimaliza, ondoa sindano uitupe kwenye kopo gumu. Ikiachwa kwenye kalamu, dawa huvuja na hewa huingia.

Kalamu mpya ikae kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na friza. Ikishaganda ni ya kutupa, hata ikiyeyuka. Kuitupa kunauma, kwa bei yake!

Umesahau dozi? Ndani ya siku 5, choma. Zikipita, subiri siku yako ya kawaida. Usichome mbili kufidia.