Umri ukisogea, anza na miguu
Misuli inaanza kupungua taratibu kuanzia miaka 30 na kitu, na baada ya 60 kasi inaongezeka, ila kinachowahi kuondoka ni ule wepesi wa kutoa nguvu haraka, ndo maana mtu akijikwaa anashindwa kujizuia. Sasa fanya hivi, weka kiti imara ukutani, kaa, kunja mikono kifuani, simama chapchap halafu shuka polepole sana, na hapo kwenye kushuka usijidanganye kabisa maana ndo mapaja yanafanya kazi kweli. Mara 8 mpaka 10, pumzika, rudia. Angalau siku 2 kwa wiki. Magoti yakilalamika tafuta kiti kirefu zaidi, usiache jamani. Ukisikia kizunguzungu au kifua kinabana, acha hapohapo umuone daktari.